Mursik Kabla ya Utepe

Kuna marafiki zangu ambao mpaka leo wakiniona na kikombe cha maziwa wanaanza kukohoa ili wasicheke, na mimi najua vizuri wanachokikoholea, kwa hiyo afadhali niusimulie huu mkasa mwenyewe kuliko niendelee kuusikia sokoni Bomet ukiwa umetiwa chumvi (huko wanasema nililia mbele ya Wazungu, na hiyo si kweli, ni unga ulioniingia machoni). Aibu niliipata, sikatai. Niliipata mbele ya jopo la wataalamu wa sayari, mbele ya akina mama wa kwaya, na mbele ya lori la majani chai pamoja na dereva wake.

Mnajua mimi nafundisha fizikia katika shule moja huku upande wa Sotik, mwalimu wa kuajiriwa na bodi, yaani mwalimu wa kusubiri ajira ya serikali. Ila kichwa changu hakijawahi kukaa Sotik. Shahada yangu ya pili niliifanya juu ya yale mashimo yanayoonekana usoni mwa Mwezi na sayari nyingine, mashimo yanayochimbwa na mawe yakianguka kutoka angani, na tangu nimalize, kila wiki napokea kwa barua pepe jarida moja la watafiti wa mambo hayo: nani ametuma chombo wapi, mkutano uko nchi gani, maabara gani inatafuta watu. Wenzangu wakati wa chai wanasoma habari za mpira, mimi nasoma hilo, na nikiona chombo kimetua salama mahali napiga meza mpaka vikombe vinaruka, mwalimu mkuu ameshaninunia kwa ajili hiyo.

Basi siku moja jarida likaleta nafasi ambayo ilikuwa kama imeandikwa na mtu anayeniangalia: mwaka mzima katika maabara ya ng'ambo inayochunguza asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua, nafasi ya mtafiti mmoja kijana kutoka Afrika ambaye hajamaliza shahada zamani sana. Nilikuwa nimeiomba mara mbili nikakataliwa, na huo ndio ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kuruhusiwa kuomba. Nikaomba. Majibu yalipokuja kwamba nimeitwa kwenye mahojiano kwa njia ya video, nilikuwa darasani na Form Two, nikatoka nje nikalizunguka tangi la maji nikirukaruka, wanafunzi wakafunga madirisha wakidhani ni nyuki.

Sasa shida ikawa mtandao. Kwetu ni bondeni, ukitaka kupiga simu unapanda juu ya rundo la mbolea. Mahali pekee pa uhakika ni kule kilimani, kwenye kituo tunakouzia majani chai, ambako pia kuna umeme, na umeme nilikuwa nauhitaji kwa sababu betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani na siku hizi inaishi kwa ukuta. Nikamwendea Kiprono, karani wa kituo, yule anayepima majani ya kila mtu. Akasema hakuna neno, siku hiyo lori linakuja jioni, mchana kutakuwa kutupu.

Halafu akaniuliza, "Kwani ni ya nini, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipojichongea. Ningesema ni mkutano wa walimu, mambo yangeisha. Lakini furaha ilikuwa inaniwasha mwili mzima, nikamwambia, "Ni ya kwenda ng'ambo, Kiprono. Tunashindana watu wa Afrika nzima, na anachukuliwa mmoja."

Nyinyi wa kwetu mshaelewa tayari, lakini kwa faida ya huyu mgeni wetu niseme kidogo. Huku, mtu akisema anashindana kwenda ng'ambo, hakuna anayewaza karatasi wala kompyuta. Wanawaza mbio. Na mtu wetu akikimbia hatumwachi akimbie peke yake, tunajaa mbele ya televisheni, na akikata utepe anapokelewa kwa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, na anavishwa shingoni sinendet, ule mmea mrefu wa ushindi. Tena kijiji chetu hakijawahi kutoa mkimbiaji hata mmoja. Vijiji vya jirani vimetoa, sisi tumetoa majani tu. Kwa hiyo Kiprono aliwaambia watu watatu, na hao watatu wakafanya kazi yao.

Mimi sikujua chochote. Siku yenyewe nilipanda kilimani na koti la kuazima, nikaweka kompyuta kwenye ile meza ndefu ya mbao wanakomwagia majani kuyakagua, na kando yake nikaweka beseni. Beseni hilo lilikuwa silaha yangu: chini unga wa mahindi (wa Mama Shiro mwenye duka, ambaye aliniuliza kama nimeamua kufungua hoteli), juu yake nimetandaza majani chai makavu yaliyosagwa. Ukiangusha kijiwe hapo, unga mweupe unaruka juu ya ule weusi na kutawanyika kama miale, shimo linabaki katikati, picha kamili ya Mwezi. Nilikuwa nimejaribu jikoni kwetu mara nyingi mpaka paka akahama.

Jopo likatokea kwenye kioo: mama mmoja mwenyekiti, mzee mwenye ndevu nyeupe, na dada mmoja Mtanzania aliyevaa miwani. Mambo yakaenda. Nilikuwa naongea Kiingereza mpaka najishangaa. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, na mara mbili nikamwona yule mzee anatazama nyuma ya bega langu na kutabasamu, nikadhani anafurahia hoja zangu.

Ndipo mwenyekiti akauliza swali. Akasema, kwenye baadhi ya asteroidi ndogo tunakuta mashimo madogo ni machache kuliko tulivyotarajia, wewe unadhani yamekwenda wapi? Jamani, swali hilo nalijua. Nimelisoma, nimeliandikia, nimeliota. Lakini pale pale jibu likanitoka lote kichwani, na mtu akibanwa hufanya anachokiweza, kwa hiyo nikasema, "Ngoja kwanza niwaonyeshe shimo linavyotokea," kana kwamba wao hawajui, nikainamisha kamera juu ya beseni na kuangusha kijiwe.

Miale ikatoka safi. Yule mzee wa ndevu akafurahi kama mtoto, akapiga makofi.

Makofi hayo yalisikika mpaka mlangoni, na mlangoni kulikuwa na kijiji. Mpaka kufikia hapo walikuwa wamesimama kimya kama watu walio kanisani, kwa heshima kubwa, wakingoja utepe ukatwe. Wakaona umekatwa. Vigelegele vikapasua mabati, akina mama wa kwaya wakaingia na sare zao za Jumapili wakiimba, mtu akanivisha sinendet shingoni, na mbele yao wote alikuwa mama yangu mzazi na kibuyu chake cha shanga, kile kisichotolewa kwa mgeni wa kawaida.

"Mama, haijaisha," nikamwambia.

"Si wamepiga makofi?"

"Bado ninaulizwa maswali, mama."

"Nyamaza unywe. Mshindi haongei."

Na kibuyu kikawa mdomoni. Mnajua mursik wa mama yangu, haumezwi kwa haraka, ule ni mzito, una mkaa, unataka utulivu. Nikajaribu kusema samahani kwa Kiingereza na maziwa mdomoni, mengine yakashuka kwenye koti la watu. Kwaya ilikuwa inaizunguka meza ikikanyaga sakafu kwa miguu miwili, meza inaruka, kompyuta inaruka, unga unanirukia usoni, na mama akainama mbele ya kamera mpaka kioo kizima kikawa yeye.

"Chamgei," akawasalimu jopo. "Huyu ni msichana wangu. Amesoma hii mawe tangu akiwa mdogo, mpaka nikafikiri ni ugonjwa. Sasa anaenda lini?"

Yule dada Mtanzania akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Bado hatujamaliza na binti yako, limebaki swali moja."

Mama akageukia wenzake. "Wanasema imebaki moja. Imbeni pole pole."

Nilitamani sakafu ifunguke. Nilifikiria miaka yote ile, maombi mawili yaliyokataliwa na hili la mwisho linalokufa mbele ya macho yangu kwa nyimbo, nikainamisha kichwa kwa aibu, na kwa kuwa niliinamisha kichwa, nikaliona beseni.

Shimo halikuwepo.

Nililiacha pale, kubwa, zuri, na kingo zake. Sasa lilikuwa bonde dogo tu, kingo zimeporomoka, unga umelifukia, na kila kwaya ilipokanyaga, linazidi kujaa. Mtetemo. Jibu lilikuwa mtetemo. Jiwe kubwa likigonga asteroidi ndogo, asteroidi nzima inatikisika, udongo unateremka, mashimo madogo yanafukiwa na makubwa yanabaki. Mwili ulinisisimka mpaka nikasahau nilivyo. Kwaya wakati huo ilikuwa imeanza kupunguza sauti kwa utiifu, nami nikageuka, maziwa yakiwa bado kwenye mdomo wa juu.

"Msinyamaze," nikawaambia. "Chezeni. Chezeni kwa nguvu."

Wakamtazama mama.

"Mmemsikia mwalimu," akasema.

Nikaangusha jiwe kubwa, nikaangusha na vijiwe vidogo kandokando, nikaelekeza kamera, na hapo mama zangu wakacheza kama siku ya harusi ya chifu, na mimi katikati ya vumbi la unga napaza sauti kwa Kiingereza, angalieni kile kidogo, angalieni kinakwenda, kile kikubwa kimebaki, na jopo wote watatu wakawa wameinama hadi pua zinagusa vioo vyao. Dereva wa lori la majani, ambaye siku hiyo ya pekee katika maisha yake alifika mapema, alisikia sherehe akadhani ni harusi, akaja mpaka mlangoni akipiga honi. Nyuma yake watu na magunia yao. Kiprono akaona kazi imefika, akachomoa waya wangu ukutani achomeke wa mizani.

"Samahani mwalimu," akasema. "Majani hayangoji."

Kioo kikawa cheusi. Sikuaga, sikushukuru, hata sikujua kama sentensi yangu ya mwisho ilifika.

Kwaya ikaacha kucheza. Kila mtu alikuwa ananitazama, unga kichwani, sinendet shingoni, na mama akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa, umeshinda?"

"Sijui, mama."

Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akakifunika kibuyu pole pole, akanifuta mdomo na ncha ya leso kama nilipokuwa mdogo, akauliza, "Tumekuharibia?" Nikasema hapana. Ilikuwa hapana ya mdomo tu, na tukateremka bondeni, akina mama nyuma yetu wameshika viatu vyao mkononi. Niliumia kuwaona hivyo kuliko nilivyoumia kwa ajili yangu.

Niliandika barua ndefu ya kuomba radhi. Haikujibiwa. Shuleni nikaacha hata kufungua lile jarida, na wakati wa chai nikaanza kuuliza habari za mpira, wenzangu wakaona kweli naumwa.

Halafu asubuhi moja, nikiwa nasahihisha mitihani, barua ikaja kutoka kwa mwenyekiti mwenyewe. Nafasi ni yangu. Aliandika kwamba kwa miaka mingi amewauliza vijana swali lile na wote wamemjibu kwa maneno, na hakuna aliyewahi kumfanyia mtetemo wenyewe mbele ya macho yake. Mwisho akaongeza kwamba anasikitika, bajeti ya maabara haitoshi nauli ya kwaya. Nililizunguka tangi la maji mpaka nikapotewa na kiatu kimoja. Mama nilimkuta katikati ya chai anachuma, nikamwambia, naye akakaa chini palepale kwenye mistari ya majani na kikapu mgongoni, akafunika uso.

Nimekwenda, nimekaa mwaka, nimerudi, na huko maabara kila mgeni akifika wanamwonyesha video ya yale mahojiano, kumbe yalikuwa yanarekodiwa, kwa hiyo aibu yangu sasa ni ya kimataifa. Nikaapa. Niliapa mbele ya Mungu kwamba nikiitwa tena popote sitamwambia karani, sitamwambia jirani, sitamwambia hata yule aliyenizaa, mpaka matokeo yawe mkononi, kwa sababu furaha ya mtu ikitoka mdomoni mapema huwa inapata miguu yake yenyewe.

Na kiapo nimekishika. Wiki hii jarida limeleta nafasi nyingine, kubwa kuliko ile, nimeomba, nimeitwa, na nyinyi ndio wa kwanza kusikia. Kosa langu ni moja tu, juzi nilipita kwa Mama Shiro nikanunua unga.

Jana jioni nimemkuta mama nyuma ya jikoni anakisugua kwa mkaa kile kibuyu cha shanga. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema ni cha nyumbani tu, akaendelea kusugua, na bila kuniangalia akauliza, "Lakini hiyo siku, kwaya waanze pole pole ama kwa nguvu?"

Nikamwambia kwa nguvu.