Shuka la Kitanda cha Kumi na Saba

Mama Pasi hakubatizwa jina hilo, lakini ukimwita kwa jina la cheti hageuki. Miaka kumi na tisa amesimama mbele ya mashine ya kupigia pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, ambako madirisha yako juu karibu na dari na mtu haoni kitu ila viatu vya wapita njia. Mashuka huingia upande huu yakiwa na unyevu, hutokea upande wa pili yakiwa makavu na ya moto. Mkono wake wa kulia una makovu matatu, kila kovu lina kisa chake, na visa vyote vinaishia na maneno yaleyale: "Nilikuwa naongea."

Kuongea anapenda, hilo halifichiki. Nyumbani anaishi na dada yake mkubwa ambaye masikio yameshachoka, basi maneno yote huyabeba kuyaleta kazini.

Mashuka ya hospitali ile yana namba. Matroni mmoja wa zamani, aliyechoshwa na mashuka yanayoota miguu, aliamuru kila shuka lishonwe kwa uzi mwekundu namba ya wodi na ya kitanda. Matroni alishaondoka, amri ikabaki. Na kukunja shuka, kama ajuavyo kila aliyewahi kulikunja, ni kazi ya watu wawili: huyu anashika pembe hizi, yule zile, wanakutana, wanaachana, wanakutana tena. Mama Pasi na mwenzake wa siku hizo, ambaye sasa amestaafu, waliona mikono inafanya kazi ya Mungu huku midomo inasengenya. Wakaona haya. Wakakubaliana kwamba kila shuka likikunjwa, mwenye kitanda aombewe. Sala yenyewe ilikuwa fupi, urefu wa mikunjo minne. Mkunjo wa kwanza, "Bwana Yesu." Wa pili, "mkumbuke wa kitanda cha tisa." Wa tatu, haja yoyote iliyokuja moyoni. Wa nne, shuka linatua kwenye rundo, "Amina."

Katika miaka yote hiyo hakumwona mgonjwa hata mmoja. Mashuka hupandishwa wodini na mbeba toroli, yeye hubaki chini na moto wake.

Yule mwenzake alipostaafu aliletwa mama mwingine, aliyekuwa amemzika mumewe miezi minne nyuma. Wakamwita Mkimya. Siku ya kwanza alisema haya tu:

"Mimi nitashika pembe, Mama. Sala usinihesabie."

"Sikuhesabii, mwanangu. Vuta basi, shuka lisiburuze."

Wa tatu mle ndani alikuwa Mzee Povu, mwendesha mashine za kufulia. Kanisani huenda kwenye harusi na mazishi, na hata huko hukaa karibu na mlango. Lakini saa ya kukunja huvua kofia. Ukimuuliza kwa nini, atasema joto.

Wiki zikapita. Siku moja Mkimya akauliza, bila kuinua macho:

"Mama, wewe unampendaje mtu usiyemwona?"

"Mungu au mgonjwa?"

"Wote."

Mama Pasi akafikiri, jambo ambalo hufanya mara chache kabla ya kusema. "Sijui kukueleza kama mchungaji. Najua tu kwamba mgonjwa simwoni, na sijawahi kupiga shuka lake pasi nusunusu kwa sababu hiyo. Ninachokijua ni kwamba yuko mtu. Na Bwana ni hivyohivyo. Simwoni, lakini sifanyi kazi peke yangu humu."

"Mimi mbona hunihesabu?" Mzee Povu akadakia kutoka kwenye mashine zake. "Niko hapa tangu asubuhi."

"Wewe tunakuona sana, Mzee. Ndiyo shida."

Mkimya hakucheka, ila alikunja lile shuka polepole kuliko kawaida.

Ndipo likaja shuka la wodi ya tatu, kitanda cha kumi na saba. Sasa, mashuka yakishushwa, kabla hayajafuliwa, Mama Pasi huyasoma kama wengine wasomavyo nyuso. Mwenye homa huacha jasho, mwenye maumivu huacha kitambaa kimesokotwa kwenye pembe alipokikamata. "Shuka halidanganyi," ndiyo kauli yake. Hili la kumi na saba lilikuwa halina jasho, halina doa. Katikati tu limelala bapa, limebonyea kidogo, kama limechapwa mhuri. Wiki iliyofuata likaja vilevile, na iliyofuata tena.

"Huyu hageuki," Mama Pasi akatoa hukumu. "Amelala chali, na hawezi kujigeuza. Maskini."

Mkimya akalitazama shuka. Mumewe, wiki zake za mwisho, hakuweza kujigeuza. Ni yeye aliyekuwa akimgeuza, saa kwa saa, mpaka viganja vikajua uzito wa yale mabega.

"Na nani anamgeuza?" akauliza.

"Sijui, mwanangu."

Shuka lilipofuliwa na kupigwa pasi, wakakunja. Mkunjo wa tatu ulipofika Mama Pasi alikuwa anavuta pumzi aseme, akasikia sauti si yake: "Mtume mtu wa kumgeuza." Na mkunjo wa nne, kwa sauti ndogo kabisa, "Amina."

Tangu siku hiyo kila Alhamisi shuka la kumi na saba lilikuwa la Mkimya. Aliliombea miezi saba. Kisha sala ikaenea kwenye mashuka mengine, kisha Jumapili moja akaonekana kanisani, benchi la nyuma kando ya Mama Pasi. Hata Mzee Povu alijifunza kuuliza asubuhi, "Kumi na saba wenu hajambo?"

Mwezi wa nane wa sala hiyo mbeba toroli akaugua mgongo, na Jumatatu Mama Pasi akapandisha mashuka mwenyewe. Wodi ya tatu alimkuta sista kijana anayeandika.

"Samahani, sista, wa kitanda cha kumi na saba anaendeleaje?"

"Kumi na saba?" Sista akainua kichwa. "Vitanda vyetu mwisho kumi na sita, mama. Labda unasema kile cha darasani."

Akamfungulia mlango wa mwisho wa korido. Kitanda kilikuwepo, namba ilikuwepo. Juu yake alilala mtu wa plastiki, mwanasesere mkubwa wa kufundishia wauguzi, macho yamechorwa, mdomo wazi. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kwake kutandika kitanda.

"Huyu hasumbui," alisema sista akicheka. "Wewe ulikuwa na ndugu hapa?"

"Hapana," alisema Mama Pasi. "Nilikuwa nauliza tu."

Akateremka kwa ngazi. Aibu yake mwenyewe haikumsumbua sana, kuchekwa alishazoea. Kilichomsumbua ni Mkimya. Yule mama alirudi kwa Mungu akiwa ameshika shuka hili, na shuka lenyewe halikuwa na mtu. Akiambiwa, si ataachia vyote viwili? Jumanne alinyamaza. Jumatano alinyamaza, na Mzee Povu akamuuliza kama anaumwa jino.

Alhamisi shuka likaja. Mkimya akaomba kama kawaida, akasema amina. Upande wa pili kimya.

"Mbona hujaitikia, Mama?"

Mama Pasi akawa hana pa kukimbilia. Akamwambia yote pale pale, shuka bado liko mikononi mwao. Mzee Povu aliangua kicheko, "Miezi saba mnamwombea plastiki!" halafu akamwona Mkimya usoni, kicheko kikamkauka, akaenda kushughulika na sabuni ambayo haikuhitaji kushughulikiwa.

Mkimya alimaliza kukunja. Akaliweka shuka kwenye rundo, akalinyoosha kwa kiganja. Hakusema neno siku ile wala Ijumaa. Mama Pasi naye mashuka ya Ijumaa aliyakunja bila sala. Kila alipofungua mdomo aliyaona macho ya kuchorwa. Jumapili benchi la nyuma lilikuwa na nafasi wazi kando yake. Aliimba nyimbo zote mpaka mwisho, na hakuna hata moja iliyomfika.

Jumatatu Mkimya aliingia, akafunga aproni, akashika pembe.

"Jana sikuja kanisani."

"Niliona, mwanangu."

"Nilikuwa juu. Nilikwenda kumwona kumi na saba."

"Nisamehe. Mimi na kusoma kwangu mashuka..."

"Ngoja kwanza, Mama. Nilimtazama, nikasikia hasira. Nikasema, miezi saba nilikuwa naongea na nani? Maana kuna mtu nilikuwa naongea naye. Hilo nalijua kama ninavyojua nilikuwa nikiongea na marehemu. Na si yule wa plastiki, yeye hata masikio hayajatobolewa. Nikatoka nikamuuliza sista, hapa yuko asiyeweza kujigeuza? Akasema yuko babu mmoja, kitanda cha tano, na Jumapili mikono ni michache. Nikamwambia mimi najua. Tukamgeuza, sista upande huu, mimi upande ule. Ni kama kukunja tu, Mama. Kazi ya watu wawili."

Mama Pasi akanyoosha rundo ambalo lilikuwa limenyooka tayari.

"Sasa wewe mbona umeacha kuomba?" Mkimya akamuuliza. "Ijumaa nzima hukuomba hata moja, nikadhani unaninyamazia mimi. Mzee kaniambia umeacha kabisa."

"Mzee anaongea sana," Mama Pasi akasema.

"Mimi!" ilisikika sauti nyuma ya mashine.

Mkimya akachukua shuka la juu, akamrushia Mama Pasi pembe mbili. Lilikuwa na alama ya wodi ya tatu, kitanda cha tano. Kabla halijafuliwa lilikuwa limebonyea pande zote mbili, kulia na kushoto, shuka la mtu aliyegeuzwa.

"Bwana Yesu," akaanza Mkimya.

Mama Pasi akavuta upande wake. Mkunjo wa nne ulipofika sauti yake ilikuwa imerudi, na kofia ya Mzee Povu ilikuwa mkononi.