Maiti Aliyejibu Salamu

Mwalimu wa uigizaji wa mjukuu wangu wa kike alikuja kwetu Mji wa Kale kutafuta maiti. Mchezo wao ulihusu ndugu wanaogombania nyumba ya baba yao kabla hata hajazikwa, na kila mtoto aliyelazwa kitandani awe maiti alicheka.

"Babu, kazi yako ni kulala tu," mwalimu akaniambia. Nikamjibu kwamba kwa umri wangu mazoezi hayo ninayo.

Mwalimu huyo ni mama wa Kikristo kutoka bara, na Mwenyezi Mungu amempa subira ya ajabu. Katika mchezo, mjukuu wangu alikuwa jirani anayekuja kutoa pole. Sauti haikumtoka. Wenzake walitaka nafasi yake apewe mtu mwengine. "Huyu hata maiti hamsikii," walimwambia mwalimu. Akakataa. Kila alasiri alikwenda kusimama mwisho wa ukumbi, akimwambia kwa upole, "Mama, mimi niko huku. Nisalimie mimi." Nami nililala jukwaani, karibu kabisa na mjukuu wangu, na kweli sikuwahi kusikia neno. Nikawa namuombea dua chini ya shuka.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wana wakalia, wakatukanana juu ya kichwa changu, nami nimetulia, feni yanipuliza vizuri. Mjukuu wangu akaingia.

"Asalamu alaikum," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

"Waalaikumu salamu warahmatullahi wabarakatuh," nikamjibu.

Bibi mmoja wa mbele akamwambia mwenzake, "Nalisema mimi, huyu hakufa."

Nikamsikia mjukuu wangu akivuta pumzi, nikajua sasa atakimbia. Badala yake akaja akanifunua uso.

"Babu, si umekufa wewe?"

"Nimekufa, mjukuu wangu. Lakini salamu ni wajibu kujibiwa."

Akawageukia wale wana. "Basi mwagombania nini? Mwenye nyumba huyu hapa, muulizeni."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Yule mwana mkubwa, kwa kuchanganyikiwa, akaniinamia akanibusu mkono.

Mwalimu alikuja nyuma ya pazia akifuta machozi. Alimshika mjukuu wangu mabega yote mawili, akamwambia, "Nimekusikia, mama. Kila neno." Kisha akanigeukia, akaniuliza kama Jumamosi nitaweza kufa tena, na kujibu palepale.

Nikamwambia inshallah.