Gogo Nililolichemsha Kando ya Barabara

Sikuwa mtu wa kusema. Nilipomaliza darasa la nane nilienda Homa Bay kufanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja aliyefuga samaki katika tangi la kioo, si wa kula, wa kutazama. Ndani alikuwa amepanda majani ya majini, na katikati gogo lililala mchangani. Alipohamishwa kikazi aliniachia tangi. Gogo alienda nalo.

Basi nikaokota langu ufukweni, mzizi mgumu uliopigwa na mawimbi hadi ukawa mweupe. Gogo lilifungwa juu ya matatu ya kwenda Migori, tangi nikalipakata. Tulipofika Rodi Kopany manamba akauliza, "Dada, kwani Migori kuni zimeisha?" Abiria wakacheka. Nilitazama chini, lakini sikulitupa.

Shangazi yangu alikuwa na hoteli ndogo ya chai na chapati Migori, karibu na steji. Alinikubalia kuweka tangi kwenye meza ya pembeni. Nilitia mchanga niliouosha, nikapanda majani, nikaweka visamaki vya mtoni. Wateja waliniuliza vitaiva lini. Kilichobaki ni gogo, nalo lilikataa kuzama. Nikilisukuma chini, linarudi juu.

Yule mama wa Homa Bay alikuwa amenifundisha kwamba mti mkavu umejaa hewa; uchemshe mpaka hewa itoke na maji yaingie. Nikalikwangua kwa kisu, nikalisugua kwa brashi ya kufulia, nikalichemsha uani katika sufuria kuukuu, nikimwaga maji kila yalipogeuka rangi. Shangazi alinitania: "Wenzako wanapika kwa kuni, wewe unapika kuni zenyewe."

Utani haukuniuma. Shida ilikuwa ile rangi. Maji yalitoka mekundu ya kuiva, na kwetu mzizi ukichemshwa nyuma ya nyumba ukatoa maji kama hayo, watu wanasema ni manyasi, dawa ya kumsafisha aliyevunja mwiko. Mzee mmoja wa kanisa letu la Sabato, ambaye hakugusa chai ila uji, alipita uani kunawa mikono akayaona. Kesho yake hakuja. Wenzake pia hawakuja.

"Nyathina, mwanangu," shangazi akaniambia, "watu wanauliza nimevunja mwiko gani. Gogo litoke, na tangi litoke nalo. Nataka wateja wangu."

Asubuhi nilihamisha mawe ya jiko, nikayapanga mbele ya hoteli, kando ya barabara, nikawasha moto. Manyasi huchemshwa kwa siri. Mimi nilitaka kila mpita njia aone.

Wakasimama. Kijana mmoja mwenye baiskeli akaita, "Nyako, wee msichana, supu ya mti ni ngapi?"

"Leta sahani," nikasema. Safari hii walimcheka yeye.

Yule mzee wa kanisa naye akaja. "Mwanangu, hiyo ni nini?"

"Ni mti, mzee."

"Wa nini?"

"Wa samaki kujificha chini yake."

"Na samaki wa ziwani, nani huwachemshia?"

"Wale wana magogo yao huko chini. Wangu hawana."

Nilimtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumfanyia mtu mzima.

"Mwaga hayo maji."

"Simwagi, mzee. Ngoja uone."

Nilitoa gogo, nikaliacha lipoe, nikalitia kwenye karai la maji baridi. Ncha moja ilizama, nyingine ikabaki juu. Mtu akaguna. Nikatafuta jiwe bapa, nikalifunga chini ya ncha ile kaidi kwa uzi wa nyavu, nikabeba vyote ndani huku wakinifuata, nikavishusha tangini taratibu. Jiwe nikalifukia mchangani. Gogo likalala. Visamaki vilikimbilia pembeni, kisha kimoja kikarudi, kikaingia chini ya mzizi.

Mzee aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Hakusema amekosea. Alisema kitu hicho bado hakipendi, na hawezi kunywa uji akikitazama.

"Basi kaa meza ile nyingine, mzee," nikamwambia. "Tangi halitoki."

Shangazi alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Nilingoja anikemee mbele ya watu. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji, akakiweka juu ya meza ile nyingine.