Uzi wa kijani kwa mkebe wa Mama

Leo nimekata nyuzi zote za Mama kabla sijakumbuka zilikuwa zinasema nini.

Nilikuwa nasafisha nyumba yake hapa Kikima, peke yangu. Tulimzika wiki mbili zilizopita.

Nikapata ule mkebe wa biskuti aliokuwa anabebea dawa miaka ya themanini, akienda mikutano ya kanisa.

Mama hakujua kusoma. Kila pakiti aliifunga na uzi wa mkonge uliobaki akisuka kiondo, kikapu chake. Mwekundu ni malaria, mweusi ni tumbo.

Dawa zenyewe zimekuwa unga. Nikakata nyuzi, nikatupa pakiti za juu kwa choo. Hata nikajisifu.

Chini kabisa, pakiti ya uzi wa kijani. Nikaukata pia. Ndani, peremende moja.

Peremende kwa mkebe wa dawa?

Nikampigia dada yangu. Akacheka.

"Wee, si hiyo ni yako! Mama akienda soko Mukuyuni ulikuwa unalia mpaka unatapika. Anakupa moja, anakwambia ni dawa ya kungoja."

Nyinyi kwenu mlipewa dawa gani ya kungoja?

Mimi nimekaa mlangoni nikaimumunya yote, macho kwa njia.

Dawa hii pia imeisha nguvu, watu wangu.