Wanasema mguu wangu ndio utamwingiza mume wangu udaktari

Admin, naomba usiweke jina langu wala la mume wangu, wifi yangu anaufuata ukurasa huu na hakosi kusoma hata maoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, nimeishia kidato cha nne, nina kibanda cha vitenge hapa Mwanga, Kigoma. Nimeolewa juzijuzi tu na jamani nina furaha! Mume wangu ananichotea maji majirani wakimwangalia, wala haoni aibu. Nikichelewa sokoni ananifuata, tunarudi tumeshikana mikono na samaki wetu mmoja wa kuchoma, mgebuka, kwenye mfuko. Akitabasamu nasahau nilichokuwa nasema. Mungu aliniona kwa kweli.

Sasa shida yangu. Mume wangu alimaliza kidato cha sita akafeli, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku anafundisha tuisheni watoto wa majirani. Matokeo yalitoka wiki ileile niliyoingia kwao. Amefaulu! Bailojia C, Fizikia D, Kemia D. Mama mkwe wangu, anayeishi Mwandiga, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akanishika miguu, ndiyo, miguu yangu hii, akasema, "Mwanangu, umekuja na mguu mzuri. Miaka yote kijana wangu alihangaika, wewe umekanyaga mlango tu, mambo yamefunguka." Tangu siku hiyo ndugu zake wananiita Mguu wa Kheri, na yeye wanamwita Daktari. Nilijisikia kama malkia.

Kwa furaha nikampigia kaka yangu anayesoma chuo kikuu cha serikali. Yeye hakushangilia.

"Dada, shemeji ana pointi saba," akaniambia. "Saba inamruhusu kuomba udaktari, lakini kuruhusiwa kuomba si kuchaguliwa. Wanaanza na wenye alama kubwa, wanashuka, nafasi zikiisha basi. Vyuo vya serikali kila mtu anavikimbilia kwa sababu ada yake ni nafuu. Kwa saba atakuwa nyuma sana."

"Kwa hiyo hana nafasi kabisa?"

"Udaktari mimi naona ni ndogo mno. Lakini akiweka kozi ya maabara chaguo la pili, na ualimu wa sayansi la tatu, huko anaweza kupata. Mwambie asijaze udaktari peke yake."

Nilimweleza mume wangu taratibu, nimemwekea na chai. Akacheka. "Shemeji anasoma uhasibu, udaktari anaujulia wapi?" Nikamsihi. Akasema ukijaza na kozi nyingine chuo kinakuona huna msimamo, wanakutupa huko. Kwa hiyo kila chuo atakachoomba ataandika udaktari tu, nafasi nyingine ataziacha wazi. Halafu akaniangalia, tabasamu halipo. "Mke wangu, wewe hunioni daktari?"

Namwona! Namwona na koti jeupe kabisa! Ningekuwa mimi ndiye ninayechagua, angeanza kesho. Lakini sichagui mimi.

Jumapili tulikwenda Mwandiga kula na wakwe. Baba mkwe akaulizia maombi yamefikia wapi. Nikapiga magoti, nikaomba ruhusa kusema, nikarudia maneno ya kaka yangu. Baba aliendelea kumega ugali. Mama ndiye aliyesema, "Mwanangu, neno la bibi harusi ni zito. Mguu ulioleta kheri usilete mkosi. Ulichosema kifute."

Wifi yangu akadakia, "Mama, huelewi? Anaogopa mabinti wa chuo! Anataka mwanaume abaki hapa amshikie mita ya vitenge."

Wote wakacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo, nadhani kwa aibu. Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya naongeza mboga.

Kuogopa naogopa, sitadanganya. Lakini hata akisoma maabara ataondoka Kigoma vilevile, nitabaki na mto wake tu. Kinachoniumiza ni kwamba akikosa safari hii, atarudi kukaa mwaka mwingine. Niliwahi kumwona kabla hatujaoana, wakati anasubiri kurudia mtihani: alikuwa anakwepa njia za wenzake waliotoka chuo likizo. Sitaki kumwona hivyo tena.

Sasa jana mama mkwe amepiga simu. Dirisha la maombi linakaribia kufungwa, mume wangu anakwenda steshenari Ijumaa kutuma. Mama amesema, "Twende naye wote mpaka mlangoni, lakini ndani uingie naye wewe tu. Yeye ajaze, halafu wewe ndiye ubonyeze kile cha kutuma. Kheri yako ndiyo imtume." Mume wangu amekubali, amefurahi, amenibusu paji la uso.

Ndugu zangu, nikibonyeza akakosa, watasema mguu wangu uligeuka, na nitamtazama mume wangu mwaka mzima nikijua nilijua. Nikikataa kubonyeza, nimeshamtakia mkosi mbele ya familia nzima. Na kuna wazo jingine linanisumbua. Nafasi ya chaguo la pili itakuwa wazi pale mbele yangu. Nikimwambia anitafutie maji ya kunywa, naandika maabara, natuma. Akichaguliwa huko atasoma, lakini atajua ni mimi, na mtu anayeniamini hivi sijawahi kumdanganya hata kidogo.

Nyie mlioomba vyuo vya serikali kwa pointi kama hizi, niambieni ukweli: kuna aliyepata udaktari? Na nyie wake wenzangu, Ijumaa kidole changu kikiwa juu ya kile kitufe, nibonyeze nini?