Rangi ya Pichi na Mgongo wa Shangazi

Sebule yetu, kijijini Kanoni, ilikuwa ya chokaa. Chokaa ni rangi nzuri alimradi hakuna anayeigusa. Ukiigusa, inakugawia. Sisi tuliozaliwa mle ndani tulijifunza kukaa wima tangu utotoni, na nilipofika chuo kikuu wenzangu walidhani nina majivuno.

Tatizo lilikuwa wageni. Miaka kadhaa iliyopita, watu walipokuja kumposa dada yangu mkubwa, ujumbe ulitoka Kyerwa, watu wa ng'ombe, ukiongozwa na shangazi wa bwana harusi. Wanaume walikuwapo pia, lakini kazi yao ilikuwa kukohoa na kukubali. Shangazi alivaa gauni jeusi. Aliketi kwenye kona, akaegemea ukuta, akazungumza kwa ufasaha mpaka baba akasahau mambo mawili aliyokuwa amekusudia kukataa. Kisha akasimama kuongoza sala ya kufunga, akageuka kuelekea msalaba uliokuwa juu ya mlango wa chumbani, na sote tukauona mgongo wake. Ulikuwa mweupe kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama andazi lililosahauliwa kwenye unga.

Mama alifumba macho kabla ya sala kuanza na hakuyafumbua hata baada ya amina. Shangazi alipanda gari na mgongo wake, akashuka nao stendi ya Kayanga, akazunguka nao sokoni akitafuta samaki, ndipo muuza nyanya mmoja akamwonea huruma, akamwambia. Tangu siku hiyo, upande wa Kyerwa nyumba yetu inaitwa "kule kwenye unga."

Mwaka huu ukoo ule ule ukarudi, safari hii kumtaka mdogo wangu. Majirani walishangaa kwamba nimerukwa mimi wa katikati, lakini hawakushangaa sana. Mimi nina shahada, na kijijini kwetu msichana mwenye shahada huchukuliwa kama mgonjwa: watu humwombea, na hawakati tamaa.

Mama alitoa sharti moja tu, wala halikuhusu mahari. "Safari hii," alisema, "hakuna mtu atakayetoka humu na ukuta wangu mgongoni."

Niliuliza kwa nini tusivute viti mbele kidogo, mbali na ukuta. Niliuliza pia kwa nini familia inayotoa binti ndiyo ipake rangi, na si ile inayokuja kuomba. Baba alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Hivi wewe ulisomea nini hasa?"

"Sosholojia, baba."

"Ndiyo maana."

Tukaenda Kayanga, mimi na mama, kununua rangi. Nilidhani kuchagua rangi ni suala la macho. Kumbe kila rangi nchini mwetu ina mwenyewe: kama si chama, ni timu ya mpira, na kama si timu, ni mtandao wa simu. Kijani, wangesema tumekuwa ofisi ya chama. Bluu, wangesema tumehama chama. Nyekundu ingemuudhi baba kwa sababu za mpira, na njano ingewaudhi majirani kwa sababu za mpira huohuo upande wa pili. Nyeupe na maziwa mama hakutaka hata kuziona, maana kwa mbali zinafanana na chokaa, na yeye alitaka shangazi ajue kuanzia mlangoni kwamba mambo yamebadilika. Ikabaki pichi, rangi isiyo na mwanachama wala shabiki. Tukachukua ya mafuta, ile ambayo uchafu wake unafutika kwa kitambaa.

Mafundi walikuja wawili kwa bodaboda moja, na ngazi wameibeba ubavuni, wakawa wanachukua barabara nzima. Walikuwa mafundi wa kweli, wenye rola, brashi za kila upana, misasa na ovaroli zenye historia ya nyumba nyingi za wilaya. Baba alikuwa ameshapatana nao bei. Mimi nilipewa cheo cha msimamizi, kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu.

Hapo ndipo tulipokosea. Nyumbani kwetu anayejenga choo, anayechuma kahawa, anayetengeneza paa, wote hula nje barazani, na unaweza kuwapigia kelele. Lakini mtu akishavuka mlango wa sebule ni mgeni. Mgeni hukaa. Akikaa hupewa kahawa ya kutafuna, kisha huulizwa habari za kwao, kisha ndizi zinamenywa, na kabla ndizi hazijaiva hakuna anayeweza kumuuliza amefuata nini. Na mafundi wa ndani, kwa bahati mbaya, hufanya kazi ndani.

"Karibuni, waitu," mama aliwaambia kwa heshima yote ya kwetu. "Kaeni kwanza."

Wakakaa. Fundi mkuu, kijana wa rika langu, alitafuna kahawa yake kwa adabu. Mama akamuuliza wa wapi. Akasema wa Nyakahanga. Wa ukoo gani? Akautaja. Mama akaweka kisu chini. Na mnyama wenu wa mwiko, msiyemla? Akamtaja. Mama akapiga vigelegele, kuku wakakimbia.

"Huyu ni wa kwetu!" alitangaza. "Huyu ni kaka yangu! Mwanangu, njoo umwamkie mjomba wako."

Nilimtazama mjomba wangu. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kama changu.

"Mama, mtu anawezaje kuwa mjomba kwa kugunduliwa?"

"Hajagunduliwa. Alikuwepo siku zote."

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mpwa wangu," akajibu bila aibu yoyote. "Shule inaendaje?"

Kuanzia hapo usimamizi wangu ulikufa. Mjomba haamrishwi. Mama naye hakuweza kumharakisha kaka yake aliyemkosa maisha yote. Baba ndiye pekee aliyepata faida, kwa kuwa alikuwa amepata shemeji wa kumtania.

"Shemeji, umekuja kupaka rangi au kukagua kama dada yako anakula?"

"Nimekuja kuona nyumba tulikomtupa, shemeji. Naona mlikuwa mnapaka unga."

"Huo unga ndio ulionenepesha dada yako."

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Mwenzake fundi, mtu mzima mwenye kipara ambaye kwa bahati mbaya hakuwa ndugu yetu, ndiye aliyepanda ngazi akapaka dari peke yake. Kila akishuka, mama alimpa ndizi nyingine na kumpa pole kwa kutokuwa wa ukoo wetu.

Siku ya pili mjomba alisimama, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama. "Chokaa hii lazima ikwanguliwe yote," alisema. "Ukipaka rangi juu ya vumbi, unapaka vumbi. Itabanduka kama maganda, na itabanduka na mtu."

Mama akashika kifua. Alikuwa ameshamwona shangazi akiondoka na ganda zima la ukuta.

"Nani atakwangua?" nikauliza. Swali hilo nalijutia. Kwetu mjomba haamrishwi, ni kweli, lakini yeye anaruhusiwa kuamrisha.

"Mpwa wangu," alisema, "lete ndoo ya maji na ushike hiki."

Kilikuwa kikwanguo. Nilikwangua kuta tatu na nusu. Nilijifunga kanga usoni, nikatoka mle nikifanana na mgongo wa shangazi, na nusu iliyobaki akaikwangua yule mzee wa kipara bila kuambiwa. Mjomba alikaa kwenye kiti cha baba akijaza nyufa kwa puti na kuniuliza kwa nini wasomi hatuolewi. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiri kwamba ujomba ni mfumo wa kupata kazi ya bure.

"Nimewahi," alisema. "Pale juu ya dirisha umeruka."

Niseme haki yake: alipoanza kupaka, alipaka. Rola ilipanda na kushuka bila kudondosha. Mkono wa kwanza wa rangi ulikaa vizuri, na sebule ikawa kama ndani ya tunda. Lakini ndizi, kahawa na habari za Nyakahanga zilikuwa zimekula wiki. Mkono wa pili ulianza Ijumaa, wageni wakitegemewa Jumamosi, na Ijumaa hiyo mvua ikaamua kuja Kanoni nayo kama mgeni: ikakaa, haikusema itaondoka lini.

Rangi ya mafuta haipendi mvua. Kona ya mwisho, ileile aliyoegemea shangazi zamani, ilimalizwa jioni. Ukiweka kidole kilikuwa kinanata kama asali. Mama alileta jiko la mkaa, akalipepea kuelekea kona kama anayemfukiza mgonjwa. Baba alipendekeza tutundike kitenge juu ya ukuta.

"Nikifunika ukuta, nimepaka nini?" mama alimjibu. "Si wangesema tunaficha unga?"

Tukafungua madirisha na mlango ili hewa ipite. Aliyepita ni kuku, na unyoya mmoja upo mpaka leo chini ya dirisha, umepakwa vizuri kabisa.

Jumamosi mvua ilikatika. Mama aligusa kona asubuhi, akagusa tena, kisha akaniambia nigonge kwa kiganja. Kiganja kilitoka safi, lakini kilitoka kwa kusita.

"Imekauka?" mama alimuuliza mjomba, ambaye sasa alikuwa amevaa koti na kukaa upande wa familia.

"Imekauka kwa kuangalia," alisema mjomba. "Kwa kuegemea, bado."

"Basi hapo asikae mtu," mama akasema, na akaweka kwenye kona hiyo kiti kibovu kuliko vyote, chenye mguu mfupi.

Wageni walifika, na tukaelewa kwamba Kyerwa nao walikuwa wamejiandaa. Walikuwa wamevaa nyeupe. Wote. Wanaume makanzu meupe, wanawake vitambaa vyeupe, na mbele yao shangazi, gauni la lesi jeupe kutoka shingoni mpaka kwenye vidole. Mtu aliyetaka kurudi nyumbani bila alama ya chokaa asingeweza kuvaa kwa busara zaidi.

"Wamekuja kubatizwa?" baba alininong'oneza.

Mama hakucheka. Alitazama lesi, akatazama ukuta wake wa pichi, na nikaona anahesabu. Alikuwa amechagua rangi ionekane. Sasa ingeonekana.

Shangazi alisimama mlangoni akaangalia kuta zote nne. Alielewa, sura yake haikuficha. Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni mwenye adabu na hakutaka kuonekana ana kinyongo, akavipita viti vyote vizuri akaenda moja kwa moja kwenye kona yake ya zamani.

"Shangazi, kiti hicho ni kibovu!" mama alisema. "Njoo hapa kwenye kiti chenye mto."

"Nilikaa hapa mara ya kwanza, nitakaa hapa," alisema shangazi. "Sisi hatukimbii nyumba za watu." Kiti kikayumba kwenye mguu wake mfupi, na ili asianguke, akaegemea. Aliegemea mgongo mzima.

Kumwambia mgeni ainuke hakuna anayeweza, hata ukuta ungekuwa unawaka. Nilimwangalia mjomba, yeye akaangalia dari. Mazungumzo yakaendelea. Ng'ombe walitajwa, mbuzi wakaongezwa, mbuzi wa mjomba akadaiwa na mjomba mwenyewe, ambaye wiki moja kabla hatukumjua. Baba, kwa mara ya kwanza katika historia, alikumbuka mambo yote aliyotaka kukataa, akayakataa, na mama hakusikia hata moja. Alikuwa anatazama mabega ya shangazi jinsi yanavyoingia ukutani kila shangazi alipotia mkazo kwenye neno. Mdogo wangu alikuwa chumbani akisubiri kuitwa. Baadaye aliniambia kwamba ukimya wa mama ulimfanya aamini ndoa imevunjika.

Kisha shangazi akasema, "Tuombe," akasimama.

Ukuta ulimwachia kwa sauti, sauti ndogo ya kubanduka, kama jani la mgomba linapotolewa kwenye chakula cha moto. Kila mtu wa upande wetu aliisikia. Shangazi akageuka kuelekea msalaba, akatuonyesha mgongo.

Ulikuwa mweupe. Nilitafuta pichi kwenye bega, kwenye mkanda, kwenye mshono wa kiuno, na sikuiona. Mama hakufumba macho kwenye sala hiyo. Aliyaacha wazi mpaka amina, yakiwa na maji.

Ni baada ya shangazi kusogea ndipo tulipoona kilichotokea. Yeye hakuwa amechukua kitu kwenye ukuta. Ukuta ndio ulikuwa umechukua kwake. Pale konani, kwenye rangi laini, lesi ilikuwa imejichapa: maua madogo madogo, majani, na mistari miwili ya mabega, mgongo mzima wa shangazi kama nyayo kwenye udongo mbichi. Shangazi naye aliuona. Alisogea, akaugusa kwa kidole, akakitazama kidole chake: kilikuwa safi.

"Mama," alisema, "leo unga umekwisha."

"Umekwisha, waitu," mama akajibu.

"Na huyu?" akaninyooshea mimi kidole hichohicho. "Huyu naye mmeshampaka, tuje kumposa?"

Wakacheka wote, Kyerwa na Kanoni. Nilikuwa na jibu zuri sana kuhusu ndoa kama taasisi, lakini mjomba alinikanyaga mguu, na kwa mamlaka aliyonayo nikanyamaza.

Jumatatu mjomba alirudi na brashi na kopo dogo lililobaki. Fundi wa kweli hawezi kulala akijua ameacha kasoro ukutani. Alikuwa ameshachovya brashi mama alipotokea jikoni.

"Hapo usiguse," mama alisema.

"Dada, ni alama. Dakika moja tu naifuta."

"Nimesema usiguse. Wakisema tena Kyerwa kwamba nyumba yangu ina unga, nitamleta mtu hapa nimwonyeshe mgongo wa shangazi yao."

Mjomba alinitazama, kana kwamba mimi ndiye ninayejua mambo ya namna hiyo yanaitwaje kwa kitaalamu. Akaisugua brashi yake kwenye mdomo wa kopo, polepole, rangi yote ikarudi ndani.

"Sasa kaa kwanza," mama akamwambia, na akaniagiza nikamenye ndizi.