Fundi Sponji na Faili Moja

Karibu makochi yote ya mtaa ule yamepita mikononi mwa Fundi Sponji, na kwa miaka kumi na moja makochi hayo yalikuwa yakimtukana. Nasema makochi, si watu. Akishika nyundo tu, sauti zinatoka ndani: hufai wewe. Akawa anakunywa ili zinyamaze, mwisho pombe nayo ikakataa kuachwa.

Dada yake mkubwa alimzungusha mpaka soli za viatu zikaisha. Wodi ya wagonjwa wa akili wakasema aache pombe kwanza. Nyumba ya wanaoacha pombe wakasema atibiwe kichwa kwanza. Akawa mpira: huku teke, kule teke.

Ndipo wakapata kliniki ndogo, vyumba viwili nyuma ya zahanati, na muuguzi mmoja mnene aliyetibu yote mawili kwa faili moja. Sponji akaacha pombe. Miezi mitatu, mkavu kabisa. Ila kwenye kikao cha Jumanne cha walioacha pombe, kila mtu anaposimama kutaja siku zake bila pombe, aliona haya. Atajiitaje msafi na asubuhi amemeza vidonge alivyopewa kliniki? Akavitupa chooni, akajisifu moyoni.

Wiki ya tatu kochi la mwalimu mkuu likaanza kusema. Akalipasua kwa kisu, akatoa kila kilichomo akimtafuta msemaji.

Dada akamrudisha kliniki bila kumgombeza. Njia nzima Sponji alijua basi tena, atafukuzwa kama kule kwingine.

"Umekunywa?" muuguzi akauliza.

"Hata tone, sista."

"Na vidonge?"

"Niliviacha pia. Nilitaka niwe msafi kweli."

Muuguzi akamgeukia dada mtu. "Mdogo wako ukimwambia afagie ua, anafagia na kuku."

Dada akacheka mpaka akafuta machozi.

"Pombe ilikuwa inazifunika sauti tu, baba," muuguzi akamwambia Sponji. " Vidonge vinazitibu. Ni dawa, si ulevi."

"Kwa hiyo hunifukuzi?"

"Uende wapi? Vuta kiti." Akafungua faili lile lile, akaandika kwenye ukurasa unaofuata.

Jumanne iliyofuata Sponji alisimama, akataja siku zake mia na kumi na tano bila pombe, na vidonge viwili vya asubuhi ile. Kikao kilipoisha, wawili walibaki nyuma wakitazama sakafu. Nao walikuwa wametupa vyao.

"Twendeni kwa sista," akawaambia. "Atawacheka kidogo, halafu atawapa viti."